Daktari wa Benchi

Ukitaka kumkera dada yangu, mwombe asome mawazo yako. Yeye ni mwanasaikolojia, na tangu apate shahada yake ya kwanza hakuna shughuli ya ukoo ambayo hajabanwa pembeni na mtu aliyejishika kichwa kwa mikono miwili, ati asichunguliwe. Mjomba wetu mkubwa alisikia neno "daktari" akaishia hapo hapo. Kila wakikutana hupandisha mguu wa suruali na kumletea goti.

"Mjomba, mimi si daktari wa magoti."

"Ni wa nini basi?"

"Wa watu wanaosubiri majibu ya hospitali."

"Aa! Wewe ndiye unayewapa?"

"Hapana. Mimi natazama wanavyosubiri."

Mjomba akashusha suruali taratibu, akanivuta kando. "Mdogo wake, niambie ukweli. Na huyu wazazi walimsomesha miaka yote hiyo?"

Walimsomesha, na kazi hiyo aliianzia nyumbani kwetu. Wakati huo alikuwa mwanafunzi wa chuo na mimi nilikuwa najifunza ususi. Mama alikuwa karani wa posta, mwanamke ambaye hata barua zake mwenyewe alizifungua kwa mkasi, polepole, bahasha isichanike. Siku moja akioga alishika uvimbe chini ya kwapa. Daktari alikata kipande kidogo, akakipeleka maabara, akasema majibu yatatoka baada ya muda kidogo. Nanyi mnaujua muda kidogo wa hospitali.

Mama alirudi nyumbani akashusha mapazia yote. Akayafua, akayapiga pasi, akayatundika. Kesho yake akayashusha tena. Baba alikuwa fundi saa, mtu wa kuongea kwa kijiko cha chai, lakini siku zile alianza ghafla kusimulia vichekesho mezani, vibaya vyote, na kuvicheka peke yake. Mimi nilikula. Nilikula nini sikumbuki, ila sketi ziligoma kufunga. Dada naye alifanya lile lililotuudhi kuliko yote: alitutazama.

"Mama, kwa nini mapazia? Kwa nini si vyombo?"

"Nitokee hapa kabla sijakufua wewe!"

Majibu yalipotoka, uvimbe ulikuwa wa mafuta tu, hauna neno. Tulitegemea mama apige vigelegele. Yeye aliketi kwenye ngazi za hospitali katikati ya wapita njia, akavua viatu, akanyoosha miguu. "Uvimbe haukuniuma hata siku moja," alisema. "Kilichoniuma ni kutojua."

"Kinauma wapi hasa, mama?" dada akauliza.

Baba alifoka kwamba amwache mama apumue, lakini mama alilifikiria swali lile kwa makini kana kwamba ameulizwa na mkuu wa posta. Akagusa chini ya kifua. "Hapa," akasema. "Na kidogo kwenye mapazia."

Dada alikwenda chuoni na habari hiyo hiyo. Profesa wake, mtu mgumu lakini asiye mkaidi, alimsikiliza huku akipangusa miwani. "Kungoja si ugonjwa," alimwambia. "Utaandikaje tasnifu nzima kuhusu watu waliokaa?"

"Profesa, wanaoambiwa kwamba ni wagonjwa tunawajua. Tuna vitabu tele juu yao. Je, hawa ambao bado hawajaambiwa kitu?"

Profesa alivaa miwani. "Nenda ukakae nao," alisema. "Ukichoka, rudi tutafute mada ya kweli."

Hakuchoka. Alipata kibali katika hospitali kubwa ya mji wetu, kwenye ukumbi wa kusubiria majibu. Ukumbi wenyewe nimeuona: mabenchi ya chuma yenye matundu yanayomwachia mtu chapa mapajani, ukuta wa kijani hadi kiunoni na mweupe juu yake, na feni inayozunguka siku nzima bila kumpepea mtu. Mwisho wa ukumbi kuna mlango ambao kila ukifunguka, watu wote huinua vichwa kwa pamoja.

Siku ya kwanza alivaa koti jeupe la kuazima ili aonekane mtu wa maana. Alipotokeza tu, benchi zima likasimama. Mama mmoja akamdaka mkono. "Mwanangu, ni mimi? Umekuja kuniita mimi?" Dada akasema hapana, yeye haiti mtu. Yule mama akamwachia, akaketi, akaanza kulia kwa kwikwi, na hakuna aliyejua analilia kuitwa au kutoitwa, hata mwenyewe. Dada alikwenda msalani akalivua lile koti, akalisokota ndani ya mkoba. Hajavaa jeupe tena hadi leo, hata kwenye harusi yake alivaa samawati.

Tangu hapo akawa anakwenda na gauni la kawaida na viatu vya chini, anaketi benchini kama mtu yeyote, anamsalimu jirani yake, anajieleza, na akikubaliwa anauliza. Wafagizi ndio walioanza kumwita Daktari wa Benchi. Jina likapanda ngazi hadi kwa mganga mkuu.

Aliniletea visa vya benchini pale saluni nilipokuwa nasuka, bila majina ya watu, nami nikawa naona ni vitamu kuliko redio. Kisa nilichokipenda zaidi ni cha Mzee wa Bucha. Alikuwa muuza nyama, mabega kama kabati, aliyekuja kupimwa koo. Huyu alikuwa amejikaza kisabuni kabla ya wakati.

"Mimi sidanganywi, binti yangu," alimwambia dada. "Nimeshajizika. Nilichobakiza ni kuambiwa saa."

Na kweli alikuwa amejizika. Viatu vyake vyote alimgawia shemeji yake, redio akampa jirani, na yeye akabaki na ndala. Halali, hali, anamtazama kila mtu kama anayemuaga. Kisha majibu yakatoka: kidonda cha kawaida, dawa za kumeza, nenda nyumbani. Alitoka mle chumbani akasimama mbele ya dada na ndala zake.

"Daktari, sasa viatu nitavidaije?"

Shemeji mtu alirudisha jozi moja tu. Zilizobaki, alisema, zimeshamzoea.

Wa pili alikuwa mwalimu wa hesabu, mama mrefu mwenye sauti ya kufika dawati la nyuma. Huyu hakutaka hata kusikia habari za mabaya. Alikuja hospitalini na sanduku la safari ili akitoka hapo apitilize kwa dada yake. Benchini aliwachekesha watu, akasahihisha hesabu za mtoto wa jirani, akasinzia. Majibu yakawa mabaya. Sanduku lile alilisahau ukumbini, na dada yangu ndiye aliyelibeba hadi wodini.

Miezi kadhaa baadaye, akiwa katikati ya matibabu na kilemba kichwani, mwalimu alimwambia dada: "Yale majibu yalinikuta sina hata pa kushika."

"Kwa hiyo ungerudi nyuma ungejiandaa kwa mabaya?"

Mwalimu akafikiri. "Yule mzee wa viatu uliyenisimulia, alilala siku zile?"

"Hakulala."

"Mimi nililala. Basi tumegawana. Yeye aliteseka mapema, mimi baadaye."

Jambo hilo lilimkosesha dada raha. Alikuwa amekwenda pale akidhani atapata njia bora ya kusubiri, awafundishe watu, mambo yaishe. Sasa ana muuza nyama upande huu na mwalimu upande ule, na kila mmoja ana haki yake.

Katikati ya mkanganyiko huo ndipo alipokutana na shemeji yangu. Ilikuwa siku ya mvua kubwa. Kwenye kona ya benchi ameketi kijana mtanashati, amekumbatia miguu mitatu ya chombo fulani iliyofunikwa turubai, anautazama mlango bila kupepesa. Dada akasogea, akajitambulisha kwa upole, akamwuliza anasubiri nini.

"Nasubiri mvua iishe."

Dada akaitikia kwa kichwa. Alishazoea watu kusema kwa mafumbo. "Na unapoifikiria hiyo mvua, unajisikiaje?"

"Nimelowa," alisema yule kijana.

Alikuwa mpima ardhi, ametumwa kupima kiwanja cha wodi mpya nyuma ya hospitali. Alimweleza dada habari za mawe ya mipaka hadi mvua ikaisha, na ilipoisha hakuondoka. Huyo ndiye aliyetuolea dada yetu. Mtu mwema, mcheshi, lakini hapendi neno "labda". Mwambie kiti kiko karibu na dirisha, atakuuliza karibu kiasi gani. Mama alisema Mungu ana mizaha yake: mtafiti wa mashaka ameolewa na mtu wa kamba na vigingi.

Walipata binti mmoja, dada akapata shahada ya uzamivu na nafasi ya kufundisha, na benchi hakuliacha. Ila aligeuza swali. Aliacha kuuliza nani anasubiri vizuri na nani vibaya, akaanza kuwatafuta watu baada ya majibu na kuwauliza: siku zile, nini kilikusaidia hata kidogo? Akagundua kwamba neno linalosemwa kuliko yote ukumbini ni "usijali". Manesi wanalisema, ndugu wanalisema, mlinzi wa getini analisema. Na watu wote aliowahoji, hakuna aliyekumbuka nani alimwambia usijali. Walichokumbuka ni vitu vya ajabu. Mmoja alikumbuka nesi aliyemwomba amshikie ngazi abadilishe taa. Mwingine alikumbuka bibi mmoja asiyemjua, aliyekuwa akifuma sweta pale benchini, mkono ukamfa ganzi, akamkabidhi sindano na kumwambia, "Hebu nisogezee mistari miwili, mwanangu." Mistari miwili ile, alisema, ndiyo nusu saa pekee aliyopumua wiki nzima.

Dada alilala na bibi huyo kichwani. Asubuhi alikwenda kwa matroni, mwanamke mwenye kiuno cha nyigu na funguo nyingi, akamweleza anachotaka: kikapu cha nyuzi za sufu, sindano za kufumia, na mtu wa kufundisha. Kila anayesubiri, akitaka, afume mraba mmoja. Miraba iunganishwe kuwa mablanketi ya vichanga vya wodi ya wazazi.

"Hii ni hospitali au karakana?" matroni akauliza.

"Matroni, kwa siku unagongewa mlango mara ngapi na watu wanaouliza majibu?"

"Usinikumbushe."

"Nipe mwezi mmoja. Wakiendelea kukugongea, nitaondoka na nyuzi zangu."

Wanawake walianza siku ile ile. Wanaume walikodoa macho. Basi ikatokea kwamba Mzee wa Bucha amekuja kukaguliwa koo lake, akaketi, akaona watu wanahangaika, akapokea sindano akazigeuza geuza. "Hizi ndizo mnazoziogopa?" Vidole vile vilivyozoea shoka viliteleza mara mbili, mara ya tatu vikashika. Akawa anakuja hata siku ambazo hana miadi, bucha amemwachia mwanawe, anapita benchi hadi benchi. "Kaza, kaza, mama, huo ni uzi si utumbo." Mwezi ulipokwisha, matroni alionekana mlangoni pake amesimama, anasikiliza. Hakuna aliyegonga. Kisha akatoka mwenyewe, akaomba apewe uzi wa rangi ya njano.

Dada aliandika hayo yote, wasomi wenzake wakayasoma, akaitwa kuzungumza huku na kule. Kwa miaka mingi mambo yalikwenda hivyo, shwari, na yeye akawa mtu wa kutajwa. Mtu mwenye roho juu, dada alimtambua kutoka mbali, kwa namna tu mtu huyo anavyoshika mkoba.

Ndiyo maana lililofuata lilimwingia sana.

Siku hiyo kipindi chake chuoni kiliahirishwa, akaenda hospitalini mapema kuliko kawaida, kikapu cha nyuzi mkononi. Akagawa nyuzi benchi la mbele, akagawa la kati. Kando ya dirisha ameketi mwanamume, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi, anafuma. Mraba wake ulikuwa umenyooka kupita kiasi, kingo zote kama zimepigwa rula. Dada aliutambua mraba kabla ya uso.

"Wewe," alisema. "Unafanya nini hapa?"

Mumewe hakuinua kichwa. "Nafuma."

"Naona unafuma. Unasubiri nini?"

"Mvua iishe."

Nje jua lilikuwa linapasua mawe. Dada aliketi kando yake. Polepole, bila kuacha kufuma, shemeji akamweleza. Alikuwa ameona damu kwenye mkojo. Alikwenda akapimwa, akapigwa picha ya figo, akaambiwa asubiri. Wiki kadhaa sasa alikuwa akiaga anakwenda kupima mashamba, kumbe anakuja hapa kufuma, siku ambazo mkewe yuko chuoni.

"Mimi!" dada akasema. "Katika watu wote, ukanificha mimi!"

"Ningekuambia ungeniuliza maswali."

"Maswali gani?"

"'Kuanzia moja hadi kumi, wasiwasi wako uko wapi?'" Aliiga sauti yake vizuri mno. "Nilitaka mke, mwenzangu. Mtafiti nilikuwa naye tayari kila jioni mezani."

Dada alikiweka kikapu chini. Alianza kukumbuka. Geti lilikuwa limepakwa rangi mara mbili. Sebule ilikuwa imepimwa upya, urefu na upana. Misumari ya stoo ilikuwa imepangwa kwa kimo, mifupi mbele mirefu nyuma, kama gwaride la shule, na yeye, bingwa wa watu wanaosubiri, aliiona akasema, "Hongera, mume wangu, umesafisha." Mganga hajigangi, wahenga walisema, na nyumba yake pia haigangi. Akamshika mkono, akafungua kinywa, na katika yote aliyojifunza miaka yote hiyo, neno lililomtoka ni moja.

"Usijali."

Shemeji alimtazama. Midomo ikaanza kumcheza. Kisha alicheka hadi kofia ikaanguka, akacheka hadi machozi, na dada naye akashikwa, ukumbi mzima ukageuka kuwatazama watu wazima wawili wanagaragazwa na kicheko mahali ambapo hakuna anayecheka. Mzee wa Bucha, aliyekuwa mzee hasa sasa, alisogea akiburuta mguu. "Daktari," alisema, "mpe mwenzio uzi. Ameishiwa."

Walipoitwa, waliingia pamoja. Daktari, kijana aliyekuwa na picha ya figo mbele yake, alisema kuna kitu. Ni kidogo. Huenda kisifanye lolote maisha yote, huenda siku moja kikaamka. Kwa sasa hawatakigusa, watakitazama tu. Arudi baada ya miezi sita.

"Kidogo kiasi gani?" shemeji akauliza.

Daktari akaonyesha kwa vidole.

"Hiyo ni milimita ngapi?"

Daktari akamtajia. Shemeji akaridhika kidogo. "Na hizo huenda zako mbili, ipi ina uzito zaidi, na kwa kiasi gani?"

"Mzee, hapo siwezi kukudanganya. Sijui."

Walirudi nyumbani na hilo "sijui" kama mgeni asiyesema ataondoka lini. Miezi iliyofuata haikuwa ya kucheka. Shemeji alikuwa ameanza kujenga chumba cha nyongeza kwa ajili ya binti yao. Ukuta ulifika dirishani ukakoma. Saruji iligandia kwenye mfuko. Akiambiwa habari za mwaka ujao anasema, "Tutaona." Dada akimkuta kimya anamwuliza anawaza nini, akimkuta anaongea anajiuliza anaficha nini. Waligombana kuhusu chumvi, kuhusu kopo la rangi, kuhusu namna ya kufunga mlango, wao ambao hawakujua kugombana.

Dada alikuwa anakuja saluni kwangu, anaketi chini ya mashine ya kukaushia nywele na nywele zake zikiwa kavu. Alitaka ile kelele tu, asisemeshwe. Siku moja alitoa kichwa.

"Miaka yote nimesoma watu wanaosubiri mlango ufunguke," aliniambia. "Huu wetu haufunguki wala haujafungwa. Sijui chochote, mdogo wangu. Nimeanza upya."

Sikuwa na hekima ya kumpa. Nilimpa chai.

Njia waliipata wenyewe, na waliipata kwa hasira. Jioni moja mezani shemeji alisema neno figo, dada akajibu, sauti zikapanda, binti yao akaacha sahani akakimbilia chumbani. Shemeji akainuka, akamshika mkewe mkono akampeleka stoo, akafunga mlango. Wakiwa wamesimama katikati ya ndoo na misumari, akamwambia: "Nimepima mashamba yenye kesi maisha yangu yote. Kuna kesi zimedumu kuliko ndoa yetu. Anayengoja hukumu ndipo alime, anakufa na njaa. Unazungushia kamba pale penye ugomvi, kwingine kote unalima." Akauelekezea ukuta kidole. "Penye ugomvi ni hapa. Figo tutaizungumza humu. Ukitoka mlango huu, ni marufuku."

Ndivyo ilivyokuwa. Mmoja akizidiwa anasema, "Twende stoo." Wanakwenda, wanaongea, wanalia wakihitaji kulia, na stoo yenyewe ni finyu na ina harufu ya rangi, kwa hiyo hakuna anayetaka kukaa muda mrefu. Mwanzoni walikwenda kila siku. Binti yao, ambaye hakuambiwa mpaka baadaye, alidhani wazazi wanaficha zawadi humo, akawa mtiifu kupita kiasi. Baada ya kitambo ikawa mara moja kwa wiki, kisha siku za kukaribia vipimo tu. Chumba cha nyongeza kikapata dirisha, kikapata bati, kikapata kitanda.

Dada alishindwa kujizuia, mtafiti ni mtafiti. Kwa idhini ya mumewe, alianza kukutana na watu wenye maradhi ya namna hiyo, yale ambayo daktari anayatazama tu mwaka hadi mwaka. Walikutana kwenye chumba cha mikutano cha hospitali, matroni akiwa ndiye anayewafungulia. Mwalimu wa hesabu alikuwa mmoja wao. Alikuwa amepona kwa kadiri ya kupona kwa ugonjwa ule, yaani hakuna anayethubutu kusema neno lenyewe kwa sauti. Dada aliwaeleza habari ya stoo. Bwana mmoja mnyoofu, fundi viatu, akasema yeye amepanga chumba kimoja, hana stoo.

"Mimi pia sina," alisema mwalimu. "Natumia ngazi za nyuma ya jengo. Nikishuka nimeshaongea, nikipanda nimenyamaza."

Fundi viatu akaja wiki iliyofuata na habari kwamba amechagua kigoda chake cha zamani. Mwingine alikuwa na mti wa jirani, mwingine na sauti tu, anajirekodi kwenye simu kisha anafuta. Wengine haikuwasaidia hata chembe, na dada aliandika hilo pia, bila kulipamba. Kwenye kongamano moja msomi mwenzake aliikejeli kazi hiyo, akaiita nadharia ya stoo. Dada alirudi amefurahi. Alisema ni mara ya kwanza mtu kukumbuka jina la kitu alichokiandika.

Mwaka jana tarehe ya vipimo iliangukia siku ambayo dada alikuwa anamtahini mwanafunzi wa uzamivu. Siku hizi majibu hutumwa kwenye simu. Shemeji akamwambia aende tu kazini, akipata ujumbe atampigia. Dada alikaa kwenye kiti cha mtahini simu ikiwa mapajani. Adhuhuri ikapita. Alasiri ikapita. Mwanafunzi wa watu akazungumza, akajibu, akatoka jasho, na dada hakusikia hata nusu. Aliporudi nyumbani alimkuta mumewe uani ananawa matope miguuni.

"Vipi?"

"Vipi nini? Ah!" Shemeji akajipiga paji la uso. "Simu iko garini. Kulikuwa na ugomvi wa mpaka, ndugu wawili, mmoja ameng'oa jiwe usiku. Nimeshinda nao. Nimesahau kabisa."

"Umesahau! Nimeshinda nimekufa nusu, wewe umesahau?"

"Mtaalamu wa kusubiri ni mimi au ni wewe?"

Alimrushia taulo. Wakaenda garini pamoja, wakatafuta simu chini ya kiti, wakafungua. Kile kitu kilikuwa pale pale, vile vile. Sasa arudi baada ya mwaka mzima. Shemeji alisoma mara mbili, akarudi kumalizia mguu wa pili.

"Na mwanafunzi wako," aliuliza kutoka uani, "amefaulu?"

"Amefaulu," dada akasema, akiwa bado ameegemea gari. "Wenzangu wawili wanasema alijibu vizuri sana."

Kesho yake alfajiri shemeji alirudi kwa wale ndugu wa jiwe, na dada akaja kwangu kusukwa. Alinisimulia hayo yote huku kichwa kikimwanguka anguka mikononi mwangu. Nilipofika nusu ya kichwa alikuwa amelala fofofo, mdomo wazi, mkoba umemponyoka. Nilimsuka akiwa hivyo hivyo, nikamaliza, nikamwacha aendelee.